Tatizo la nyumba nzima, simu ya mtu mmoja

Nilipompigia mshauri nasaha mara ya kwanza, nilimweleza wazi kwamba mwenye shida si mimi. Mwenye shida ni kakangu, anaishi Kisumu, na siku atakapobadilika mimi nitapata usingizi. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akauliza, "Sasa hivi uko naye hapo?" Nikamjibu hapana, mimi niko Nakuru. "Basi leo tuko na wewe," akasema. "Tuanze na wewe."

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshatuma pesa, na nilichotaka ni maneno ya kumwambia kaka yakamwingia. Ilinichukua majuma kadhaa kutambua kwamba kwa sentensi ile fupi alikuwa amenionyesha ugumu wote wa kazi yake: matatizo ya familia ni ya watu wengi, lakini simu inayopigwa ni ya mtu mmoja.

Tangu hapo majirani, wateja na wenzangu wa chama wamekuwa wakiniuliza. Hii kaunselingi ya simu ni kitu gani hasa? Ni maombi? Ni mtu wa kukupa mawaidha? Inasaidia kweli, au ni njia nyingine ya kula pesa za watu? Mimi ni fundi wa nguo, na nimezoea kufumua mshono mmoja mmoja bila kuchana kitambaa. Nitajaribu kufumua na hili.

Yaliyonipeleka huko ni ya kawaida kabisa. Baba alipata kiharusi, akawa wa kulishwa na kugeuzwa kitandani, nyumbani Vihiga. Sisi watoto tuko watatu: kaka, mimi, na mdogo wetu wa kike aliyekwenda Qatar kufanya kazi za nyumbani. Tukafungua kundi la WhatsApp la kuchanga pesa za dawa, nepi na mshahara wa kijana anayemsaidia Mama kumwinua. Kufikia mwezi wa tatu kundi lilikuwa uwanja wa vita. Nani ametuma, nani hajatuma, nani alisomeshwa kwa pesa za majani chai, nani hajakanyaga nyumbani tangu Krismasi. Saa nne usiku simu ingewaka na moyo wangu ungeanza kudunda kabla sijasoma neno. Jioni moja nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kifuniko cha sufuria hadi akaanza kutetemeka. Kifuniko kilikuwa kimeanguka tu.

Kwa hivyo ni nini hasa? Ni tiba ya mazungumzo, ile ile inayofanyika ofisini watu wawili wakiwa wamekaa vitini, ila inapitia simu, video au maandishi. Anayeifanya amefundishwa kusikiliza kwa utaratibu fulani na kwa lengo ambalo nyinyi wawili mmekubaliana. Mawaidha utayapata bure kwa shangazi, na maombi kwa mchungaji, na vyote viwili vina mahali pake. Mshauri hufanya kitu kingine. Hukusaidia kuona kinachotokea ndani yako kati ya jambo lililokupata na jambo unalofanya baada yake.

Aaron Beck, daktari wa Philadelphia huko Marekani, aligundua katika miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo mafupi yanayopita haraka sana, ambayo hata wao hawakuyatambua, na kwamba mawazo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwaangusha moyo. Tiba aliyoijenga juu ya jambo hilo sasa inatumika dunia nzima. Kwangu ilikuja kwa sura ya kazi ya nyumbani. Mshauri aliniomba nichore safu tatu kwenye daftari: kilichotokea, wazo lililopita, mwili ulifanya nini. Daftari lililokuwa karibu ni la vipimo vya wateja, kwa hiyo hadi leo, chini ya kifua 38 na kiuno 32 cha mama mmoja wa Section 58, pameandikwa: "Simu imewaka. Wanaona simjali Baba. Mikono baridi." Usiku wa nne niliona kwamba wazo la katikati lilikuwa lile lile kila mara, hata pale ujumbe ulipokuwa wa mdogo wetu akisema tu habari za jioni.

Hayo ni mazungumzo. Swali ni kama mazungumzo hayo yakipita hewani yanabaki na nguvu.

Watafiti wamelichunguza hili kwa muda mrefu. Gerhard Andersson na wenzake wa Sweden wamekusanya majaribio mengi yaliyolinganisha tiba ya ana kwa ana na tiba ya intaneti yenye mtaalamu anayekufuatilia, na matokeo yake kwa watu wenye mfadhaiko au wasiwasi yanakaribiana sana. Shikilia hapo penye mtaalamu anayekufuatilia. Programu za kujisomea peke yako, ambazo hakuna mtu anayekuuliza umefika wapi, husaidia kidogo zaidi, na watu wengi huziacha katikati. Tena majaribio mengi yalifanywa katika nchi kama Sweden, Uholanzi na Australia, ambako mtu ana chumba chake na mlango wa kufunga. Nitarudi kwenye mlango huo.

Kinachofanya kazi ni uhusiano. Edward Bordin, mwanasaikolojia Mmarekani, aliugawa uhusiano huo mwaka 1979 katika mambo matatu: mmekubaliana mnaelekea wapi, mmekubaliana mtafanya nini ili mfike, na mnaaminiana. Yote matatu yanaweza kujengwa kwa simu. Mshauri wangu aliniuliza siku ile ya kwanza aniite nani. Nikasita. Dukani mimi ni fundi, mtaani ni Mama fulani, kwenye kundi la familia ni dada. Nikamtajia jina langu la kuzaliwa, ambalo kwa miaka hakuna aliyelitumia isipokuwa Mama, na nilipolisikia likitamkwa na mtu ambaye hanidai chochote, koo lilinibana.

Naye alikuwa akinisikia kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nikiongea huku nakata nyuzi zilizobaki kwenye sare za shule, mikono isikae bure. Kikao cha tatu, katikati ya maneno yangu kuhusu Mama, akasema polepole, "Mkasi umenyamaza." Nilikuwa nimeacha kukata bila kujua. Tulikaa kimya hapo muda mrefu, kisha nikasema nilichokuwa nakikwepa: kwamba sikuwa na hasira na kaka tu, nilikuwa na hasira na Mama pia, kwa kumficha makosa yake.

Hapa ndipo fundo la familia linapoonekana. Daktari Murray Bowen wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya familia, alieleza kwamba watu wawili wakiwa na mvutano wasioweza kuubeba, humvuta mtu wa tatu, ikawa pembetatu. Mume na mke hawaelewani, mtoto anakuwa mjumbe. Mkwe na mama mkwe hawasemezani, kijana aliye katikati anahamia baa. Kwetu sisi Mama alikuwa kona ya tatu. Nilimpigia kumsema kaka, kaka alimpigia kunisema mimi, naye kila jioni alimgeuza Baba kitandani akiwa amebeba maneno yetu wote. Kundi la WhatsApp lilizidisha tu, kwa sababu mle ndani unamsema mtu mbele ya watu wote kana kwamba hayupo.

Mshauri anayezungumza na mmoja wenu kwa simu yuko katika hatari ya kuwa kona nyingine ya tatu. Ukimweleza mabaya ya mumeo kwa vikao kumi naye akikuitikia tu, umepata mtu wa kukupepea makaa. Mshauri mzuri huikwepa nafasi hiyo. Atakuuliza ulifanya nini kabla mwenzako hajasema alilosema. Hatamhukumu mtu ambaye hajamsikia. Wakati wake ukifika atauliza kama inawezekana huyo mwingine akaletwa kwenye simu.

Kule Eldoret, Eve Puffer wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake wa Kenya walitengeneza tiba ya familia inayoitwa Tuko Pamoja. Waliowafundisha kuitoa ni watu wa mitaa ile ile, ambao majirani huwafuata hata bila kuitwa washauri. Kisumu nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wanaoishi na VVU na waliopitia ukatili walipata nafuu ya mfadhaiko kwa tiba ya mazungumzo iliyotolewa na watu wasio wataalamu waliofunzwa kazi hiyo. Zimbabwe ilikuwa imetangulia: tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza nyanya, akianzia Mbare jijini Harare, waketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Neno wanalolitumia ni la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mjaluo angesema paro mang'eny. Sisi tunasema nina mawazo.

Kazi hizo zilianza ana kwa ana. Ninazitaja kwa sababu zinafuta dhana kwamba lazima ufike kwa bingwa wa Nairobi. Aliye upande wa pili wa simu anahitaji mafunzo, vikao vyenye mpangilio, na mtu mwenye uzoefu anayemsimamia na kumsahihisha. Muulize: nani anakusimamia? Mshauri wa kweli hakasiriki kwa swali hilo.

Na hapa niseme kuhusu kutapeliwa, kwa sababu kulinipata. Kabla ya mshauri huyu nilikuwa nimejibu tangazo la mtu aliyejiita mtaalamu wa ndoa na familia. Alitaka shilingi 3,000 kabla hata ya salamu. Dakika ya kumi aliniambia kakangu amefungwa kichawi na mtu wa karibu, na kwamba kumfungua kuna gharama yake. Nilikata simu nikiwa na aibu, nikakaa miezi miwili bila kutafuta msaada tena. Hiyo miezi miwili inaniuma kuliko pesa.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusimamia kazi hii Kenya na inamtaka anayeifanya awe amesajiliwa. Omba namba ya usajili kabla ya kutuma pesa. Jua pia tofauti ya watu hawa, kwa maana matangazo huwachanganya. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza na anaweza kukuandikia dawa. Katika hospitali za kaunti utakutana pia na wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea afya ya akili. Kwetu Nakuru watu huwaona PGH, hospitali kuu ya hapa, Kisumu kwenye hospitali wanayoiita Russia. Mshauri wa simu akikwambia shida yako inahitaji kuonwa na daktari, amekufanyia kazi yake vizuri.

Sasa mlango. Nyumba nyingi za kupanga tunazoishi, Kaptembwa, Rhonda, Nyalenda au Manyatta, zimetenganishwa na ukuta unaopitisha kikohozi. Jirani anajua umepika nini. Ukisema kwenye simu kwamba ndoa yako inakushinda, kesho utaulizwa bombani. Wanaouza tiba ya mtandaoni hutuambia ni rahisi kwa sababu unaifanyia nyumbani, na sidhani kama wengi wao wamewahi kulia kimyakimya ndani ya chumba kimoja chenye watoto wawili na pazia. Kwetu sisi kupata mahali pa kusemea ni kazi ngumu kuliko kupata bando.

Mimi nilifanya vikao dukani, saa moja jioni baada ya kufunga. Nilishusha mlango wa bati nusu, nikaweka redio kizingitini ikiimba kwa nje, nikavaa vipokea sauti vya masikioni na kukaa nyuma ya cherehani. Rafiki yangu muuza mitumba hufanyia vyake ndani ya gari la shemeji yake likiwa limeegeshwa. Mwingine hutembea kando ya barabara akiongea, mtu yeyote akimwona adhani anazungumza na mteja. Ukitembea ukiongea unapata hata faida nyingine, maana mwili unaotembea husema mambo ambayo mwili uliokaa huyazuia. Hilo ni langu, halina utafiti.

Njia ya mawasiliano nayo ichague kwa kuangalia nyumba yako. Video humwezesha mshauri kukuona uso, ila inakula bando na inaganda kila mvua ikinyesha. Simu ya kawaida inafanya kazi hata kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, na haiachi maneno nyuma yake. Maandishi yanafaa kwa mtu asiyeweza kutoa sauti kabisa, lakini yanabaki. Kama kuna mtu anayefungua simu yako, maandishi ni hatari. Kubaliana na mshauri neno moja la kawaida, kama "nguo yako bado," ambalo ukilitamka anajua kuna mtu ameingia, naye abadilishe mazungumzo.

Kikao cha kwanza cha mshauri anayejua kazi ya simu huwa na maswali yanayoonekana kama ya polisi. Uko wapi hasa, mtaa gani? Uko peke yako? Laini ikikatika nani atapiga tena? Nikiona maisha yako yako hatarini nimpigie nani? Mtu aliyeko Nairobi hawezi kukutumia msaada Lugari kama hajui uko Lugari. Asipouliza hayo, mwambie wewe.

Atakuambia pia mipaka ya siri. Unayosema hayatoki, isipokuwa kama uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, kama mtoto anadhulumiwa, au kama mahakama imeamuru. Halafu kuna siri ya pili, ya kompyuta, ambayo tunaifikiria kidogo mno. Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo iitwayo Vastaamo. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake wapatao 33,000 zilikuwa zimeibwa. Mwizi aliitaka kampuni pesa, kisha akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa, au yale uliyomwambia mtaalamu wako nitayamwaga mtandaoni. Mwaka 2024 mahakama ilimfunga miaka sita na miezi mitatu, lakini maneno yaliyokwisha kumwagwa hayazoleki. Marekani nako, mwaka 2023, kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuishtumu kwa kupeleka habari za wateja kwa Facebook na wengine kwa ajili ya matangazo, ilhali ilikuwa imewaahidi usiri.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inakupa haki ya kujua zinatumiwaje, kuziona na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Itumie. Uliza anaandika nini, anakihifadhi wapi, nani mwingine anakisoma. Wangu aliniambia huandika kwenye daftari la karatasi kwa kutumia namba badala ya majina. Nikalala vizuri siku hiyo.

Wengine, hasa vijana, siku hizi wanamwaga yote kwa akili unde. Nawaelewa: haichoki, haitozi, na saa tisa usiku iko macho. Jambo hili si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitengeneza programu ndogo iliyoitwa ELIZA, iliyokuwa ikirudisha maneno ya mtu kama swali, basi, na katibu wake mwenyewe, aliyejua fika kuwa ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Binadamu akijibiwa kwa upole hufunguka. Lakini mashine haitauliza mkasi umenyamaza kwa nini, na haina wajibu kwako ukizama. Itumie kupanga maneno yako kabla ya kikao kama inakusaidia. Uzito wenyewe mpelekee mtu.

Kuna mambo ambayo simu haiyawezi, na hapa naomba usome polepole.

Kama kuna kipigo nyumbani, usikubali kikao cha mume na mke pamoja kwa simu iliyowekwa kwenye spika. Utakachosema mbele ya mshauri utakilipia simu ikishakatwa, na mshauri aliye kilomita mia mbili hawezi kusimama katikati. Zungumza peke yako, ukiwa mahali salama. Namba 1195 ni ya bure kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inakuruhusu kuomba mahakama amri ya kukulinda, na inautambua hata unyanyasaji wa kunyimwa pesa na kutishwa.

Na kama mawazo yamefika pa kutamani kufa, sema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Washauri wengi hutumia dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Limepimwa hata huku magharibi mwa Kenya, kwa watu wanaoishi na VVU. Swali la tisa linahusu kifo. Kulijibu kweli hakukuletei mkosi, na kuulizwa hakumwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Zamani watu wetu walificha pia kwa kuogopa sheria, kwani kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Huhitaji kuogopa kwamba ukimwambia mtu utaishia seli. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya ushauri, 1199. Usiku wenyewe ukiwa mbaya, amka umgongee mtu mlango, mwende hospitali iliyo karibu.

Gharama? Mimi nililipa shilingi 1,500 kwa kikao cha dakika 50, faida ya sare mbili, na haikuwa rahisi. Tulipunguza hadi kikao kimoja kila wiki mbili. Wapo wanaotoza zaidi sana, na wapo wanaofunzwa chini ya usimamizi ambao hutoza kidogo au hawatozi. Kuuliza kama kuna nafuu si kujidhalilisha.

Kaka aliingia kwenye kikao cha sita. Nilimwomba kwa ujumbe ambao niliufuta na kuuandika upya mara nne, bila kulaumu, mshauri akiwa amenisaidia kuupunguza hadi mistari miwili. Alikuwa ameegesha pembeni Kondele, honi za matatu zikilia nyuma yake. Kanuni ilikuwa moja: mmoja aongee dakika mbili, mwingine arudie alichosikia kabla ya kujibu. Nilisema ninavyoogopa simu ikiwaka usiku. Zamu yake ya kurudia ilipofika alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Amesema anaogopa simu." Akameza mate. "Hata mimi naiogopa." Ndipo tukajua kwamba bili ya kwanza ya hospitali ya Baba, ile tuliyodhani Mama aliilipa kwa pesa za chama, aliilipa yeye kwa kuuza pikipiki yake ya kazi, na hakumwambia mtu. Miezi yote tuliyomwita bahili, alikuwa akibeba mizigo ya wateja kwa mkokoteni.

Mshauri hakumsifu wala hakunisuta. Aliuliza kila mmoja wetu anaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi bila kukopa, akaacha tujibizane wenyewe. Kiasi tulichofikia kilikuwa kidogo kuliko kile tulichokuwa tukikipigania. Kijana anayemsaidia Mama sasa anakuja siku nne badala ya sita, na wikendi kaka anapanda gari kwenda kumgeuza Baba mwenyewe. Kuhusu mdogo wetu wa Qatar tulikubaliana jambo moja: asiulizwe pesa kwenye kundi, aulizwe habari zake. Alijibu kwa sauti iliyorekodiwa ya dakika saba, akilia nusu yake.

Vikao vyangu vilikwisha cha tisa. Vinatakiwa viwe na mwisho. Mshauri asiyetaja mwisho tangu mwanzo muulize. Kile cha mwisho alinitaka nieleze nitafanya nini kundi likiwaka tena saa nne usiku, maana litawaka, Baba bado yuko kitandani na mvua za mwaka huu zimeharibu barabara ya kwenda dukani kwa dawa. Nikamwambia nitaweka simu ndani ya kabati la vitambaa hadi asubuhi, na kama ni dharura Mama ana namba ya jirani yangu. "Umemwambia Mama?" akauliza. Sikuwa nimemwambia. Akasema tukate simu mapema dakika kumi, nimpigie.